Earl wa Essex na ushuru wa divai tamu

Kila nikikutana na habari za Robert Devereux, Earl wa Essex (earl ni cheo cha kikabaila Uingereza), nazikuta zimevishwa nguo za mapenzi: malkia mtu mzima, kijana mtanashati, wivu, hasira, na mwishowe shoka. Inanoga, sikatai. Ila mimi kazi yangu ni uhasibu, na mhasibu akisimuliwa habari za mtu aliyepanda mbio akaanguka mbio, swali lake huwa moja: huyu bwana alikuwa anakula wapi? Ukimfuata Essex kwa swali hilo, Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza anaonekana vingine kabisa, na yule kijana naye vivyo hivyo.

Hilo la mapenzi tulimalize kwanza. Mama yake Essex, Lettice Knollys, alikuwa mjukuu wa Mary Boleyn. Mary ni dada wa Anne Boleyn, yule aliyemzaa Elizabeth kabla ya kukatwa kichwa mwaka 1536 kwa amri ya mumewe, Mfalme Henry VIII. Sasa piga hesabu ya kwetu: watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu. Kwa hiyo bibi yake Essex na Malkia ni ndugu, na Essex ni mjukuu wa Malkia, tena si wa kutafutiwa tochi. Walipishana miaka 32. Basi mtumishi mmoja wa Essex anapoandika mwaka 1587 kwamba bwana wake anashinda usiku akicheza karata na Malkia, harudi chumbani kwake mpaka ndege waanze kulia, mimi naona bibi aliyempata mjukuu wa kumchangamsha. Wengine wasome watakavyo.

Alichorithi Essex kwa baba yake ni jina na madeni. Walter Devereux alijitosa katika mradi wa kuiteka Ulster, kaskazini mwa Ayalandi, akakopa pauni 10,000 kwa Malkia mwenyewe kwa kuweka mashamba yake rehani, mradi ukaharibika, naye akafa kwa tumbo la kuhara damu mjini Dublin, Septemba 1576. Mtoto alikuwa na miaka kumi. Kwa sheria ya Uingereza ya wakati ule, kabaila akifa na kuacha mrithi mdogo, mtoto na mali yake huingia chini ya uangalizi wa Taji. Robert akakabidhiwa kwa William Cecil, Lord Burghley, mshauri mkuu wa Malkia. Katika nyumba hiyo mlikuwa na mtoto mwingine aliyemzidi miaka miwili, Robert Cecil, mfupi, mwenye kibiongo, mkimya. Mshike huyo, tutarudi kwake.

Mama mjane akaolewa kwa siri mwaka 1578. Na akaolewa na nani? Na Robert Dudley, Earl wa Leicester, mwanamume ambaye Malkia alimpenda kuliko wote na hakumwoa. Lettice akapigwa marufuku ikulu, wala Malkia hakuwahi kumsamehe. Lakini Leicester hakuadhibiwa sana, na ni yeye aliyemleta mtoto wake wa kambo mbele ya Malkia. Alimpeleka kwanza vitani Uholanzi, ambako Essex alipigana Zutphen mwaka 1586 na kuachiwa upanga na mshairi Sir Philip Sidney aliyefia huko. Baadaye akamwoa na mjane wa Sidney, kwa siri vilevile, na Malkia akafura vilevile. Mwaka 1587, akiwa na miaka 21, Essex akarithi wadhifa wa Leicester wa kusimamia farasi wa Malkia.

Leicester akafa Septemba 1588, na miongoni mwa vitu alivyoacha ni kibali cha ushuru wa divai tamu. Malkia akamhamishia Essex. Hapa naomba nikae kidogo, maana wasimulizi wengi hupita hapa kwa sentensi moja wakiwahi kwenye upanga.

Divai tamu zilitoka Mediterania na Hispania, na makabaila na wafanyabiashara wa Uingereza walizipenda mno. Kila pipa lililoshushwa bandarini lilitozwa ushuru. Serikali ikaona badala ya kuhangaika kukusanya yenyewe, imkodishie mtu kazi hiyo. Ni kama halmashauri zetu zinavyompa mzabuni ushuru wa stendi: unalipa kiasi mlichoandikiana, kinachozidi ni chako. Essex hakulima mzabibu, hakumiliki meli, hakufungua pipa hata moja, lakini kila aliyekunywa divai tamu alimtilia kitu mfukoni. Na zaidi ya fedha yenyewe, kibali kilimpa jambo ambalo mdeni analihitaji kuliko fedha: wafanyabiashara wa London walimkopesha kwa kuangalia kibali kile. Mashamba yake yasingetosha kumdhamini.

Kibali kilikuwa na tarehe ya mwisho. Kingeisha sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, yaani 29 Septemba, mwaka 1600.

Miaka kumi si haba kwa mtu mwenye hesabu. Essex hakuwa nayo. Mwaka 1591 alikwenda Normandy kumsaidia mfalme wa Ufaransa, Henry IV, akagharimia mengi kutoka mfukoni mwake, akampoteza mdogo wake Walter katika mapigano karibu na Rouen, akarudi bila kuuteka mji huo na madeni yamenenepa. Aliajiri makatibu, wapelelezi, wasomi. Aliwapa askari wake cheo cha Sir hovyo mpaka Malkia akalalamika. Ukitaka wafuasi lazima uwalishe, na Essex alitaka wafuasi.

Kuna jambo moja ambalo sijawahi kumsamehe. Mwanzoni mwa 1594 alimshika daktari wa Malkia, Roderigo Lopez, Mreno wa asili ya Kiyahudi, akadai anapanga kumwekea Malkia sumu. Akina Cecil walipopekua hawakukuta la maana, na Malkia akamkaripia Essex kwamba ni kijana mwenye pupa. Angeweza kunyamaza. Badala yake akajifungia, akarudi na maungamo yaliyotolewa kwa vitisho, akakaa mwenyewe kwenye baraza la hukumu. Lopez alinyongwa na kukatwakatwa Tyburn tarehe 7 Juni 1594. Malkia alichelewesha sana kutia saini, na baadaye akamrudishia mjane sehemu kubwa ya mali. Mzee wa watu alikufa ili Essex asionekane amekosea.

Wakati huohuo alikuwa anampigania rafiki yake Francis Bacon apewe uanasheria mkuu wa serikali. Malkia akampa Edward Coke. Essex kwa aibu akamfidia Bacon kwa kipande cha ardhi, ambacho Bacon alikuja kukiuza kwa pauni 1,800. Majina hayo mawili, Coke na Bacon, nayo yashike.

Kilele chake ni Juni 1596. Kikosi cha Waingereza na Waholanzi kilivamia Cádiz, bandari kubwa ya Hispania, na Essex alikuwa wa mbele kuingia mjini. London nzima ikamwimba. Hata vitabu alivyovibeba njiani kutoka maktaba ya askofu wa Faro, Ureno, viliishia kwenye maktaba ya Bodleian ya Oxford. Lakini Malkia alikuwa na swali langu lilelile: faida iko wapi? Meli za biashara zilizokuwa bandarini, zilizosheheni bidhaa za kwenda Amerika, Wahispania walizichoma wenyewe zisichukuliwe. Askari waliiba walichoiba. Hazina ya Malkia ikaambulia kidogo. Na Essex aliporudi akakuta ule ukatibu wa Malkia uliokuwa ukigombewa miaka yote amepewa Robert Cecil, aliyebaki nyumbani na karatasi zake.

Oktoba ya mwaka huo Bacon alimwandikia barua ambayo ningependa kila mpanda ngazi aisome. Alimwambia ajiweke mahali pa Malkia na ajitazame: mtu asiyetawalika, anayejua kwamba ninampenda, anayeshangiliwa na watu wa mjini, anayefuatwa na askari, na ambaye mali yake hailingani na ukubwa wake. Bacon akauliza, kuna picha ya hatari kuliko hiyo kwa mfalme yeyote, sembuse mwanamke? Waswahili wangemfupishia: nguo ya kuazima haisitiri matako. Essex alisoma, akamshukuru, akaendelea kununua farasi.

Mwaka 1598, katika kikao cha watu wachache, Malkia alitaka kumpeleka Sir William Knollys akaitawale Ayalandi. Knollys alikuwa mjomba wa Essex na mtetezi wake barazani, kwa hiyo Essex akamtaja Sir George Carew, mtu wa kambi ya Cecil, aende yeye akapotelee huko. Malkia akakataa. Essex akampa kisogo. Kumpa kisogo mtu wa ukoo wa kifalme wa Tudor! Malkia akamzaba kofi la sikio na kumwambia aende akanyongwe. Essex akashika mpini wa upanga, watu wakaingia kati, akatoka akifoka kwamba udhalilishaji huo asingeuvumilia hata kutoka kwa Henry VIII. Baadaye, alipoandikiwa atulie aombe radhi, alijibu kwa maswali: wafalme hawawezi kukosea? Raia hawezi kudhulumiwa? Mamlaka ya duniani hayana mpaka?

Maswali mazuri sana. Yangetoka kwa mtu asiyemdai anayemwuliza riziki ya kesho, ningeyapigia makofi.

Burghley akafa Agosti mwaka huohuo, na siku chache baadaye Hugh O'Neill, Earl wa Tyrone, akaliangamiza jeshi la Kiingereza pale Yellow Ford. Ayalandi ilihitaji jemadari, na Essex aliyekuwa amewakosoa wote waliotajwa akajikuta amebaki yeye. Aliondoka London 27 Machi 1599 na zaidi ya askari 16,000, jeshi kubwa kuliko lolote ambalo Malkia alikuwa amelituma huko. Kumbe alichokihitaji kwa haraka zaidi kilikuwa nyuma yake: cheo cha kusimamia mahakama ya mayatima, ileile iliyomlea yeye utotoni, kilikuwa wazi tangu Burghley afe, nacho kilikuwa na mapato manono ya kuweza kumtoa kwenye madeni. Mei 1599, Essex akizunguka matope ya Munster, kusini mwa Ayalandi, Malkia akampa Robert Cecil.

Jeshi likayeyuka kwa maradhi, kutoroka na kugawanywa ngomeni. Malkia aliandika barua za kumuuma: kaskazini aliko Tyrone umekwenda lini? Alipokwenda, Septemba, hakupigana. Tyrone aliingiza farasi wake mtoni mpaka maji yakamfika tumboni, Essex akasimama ukingoni, wakazungumza nusu saa bila shahidi hata mmoja, wakakubaliana kusitisha vita. Nusu saa bila shahidi na adui wa Malkia wako! Mwanasheria yeyote angetamani kesi kama hiyo.

Halafu akafanya jambo ambalo hata mimi mpenda hesabu nalisimulia kwa raha. Bila ruhusa aliiacha Ayalandi na kukimbia na watu wachache. Tarehe 28 Septemba 1599, saa nne asubuhi, akafika kasri la Nonsuch huko Surrey, akashuka kwenye farasi, tope limemtapakaa mpaka usoni, akapita chumba cha wageni, akapita cha faragha, akasukuma mlango wa chumba cha kulala cha Malkia. Elizabeth alikuwa na miaka 66. Alikuwa ndiyo kwanza ameamka, hajavaa, nywele zimemwangukia usoni, bila wigi, bila rangi, bila lile gamba la lulu na kola ambalo dunia ilimjua nalo. Essex akapiga magoti, akambusu mikono. Malkia hakupiga kelele. Hakujua kama nje kuna jeshi au hakuna. Akazungumza naye vizuri, akamwambia aende akabadilishe nguo. Mchana wakaongea tena. Alipokwisha kuthibitisha kwamba mgeni wake hana jeshi, uso ukabadilika, na usiku huo Essex akaamriwa asitoke chumbani. Hakumwona tena Malkia maisha yake yote.

Alikaa kizuizini kwa Mtunza Muhuri Mkuu, akapigishwa magoti mbele ya tume Juni 1600, akasimamishwa vyeo vyake karibu vyote, akaachiwa Agosti lakini ikulu marufuku. Sasa angalia kalenda. Umebaki mwezi mmoja kibali cha divai kiishe.

Barua alizomwandikia Malkia majira hayo ni tamu kuliko divai yenyewe. Anaiambia karatasi ifanye haraka ifike mbele ya yule aliyemfukuza, iubusu mkono mzuri unaomrudi. Lakini katika nyingine anasema wazi: ushuru ule ndio tegemeo langu kubwa, na ndiyo njia pekee niliyonayo ya kupatana na wafanyabiashara wanaonidai. Malkia alimwambia Bacon, naye Bacon aliyaandika baadaye, kwamba barua za Essex zilikuwa zimemgusa; alidhani ni moyo unafurika, kumbe ni utangulizi wa ombi la divai. Nikisoma hapo namwonea huruma bibi kizee kuliko kijana. Mwishoni mwa Oktoba akatoa jibu: ushuru unarudi mikononi mwake mwenyewe. Inasimuliwa alisema mnyama asiyetawalika hupunguzwa chakula.

Miezi mitatu baadaye Essex House, jumba lake la Strand, lilikuwa limejaa kila mwenye kinyongo: makapteni wasiolipwa, makabaila vijana waliofilisika, wahubiri wakali. Kulikuwa na barua za siri kwenda kwa James, mfalme wa Uskoti. Jumamosi tarehe 7 Februari 1601 wafuasi wake walikwenda ukumbi wa Globe kutazama tamthilia ya kung'olewa kwa Mfalme Richard II. Waigizaji walikuwa wamelalamika kwamba mchezo ni wa zamani, watazamaji watakuwa wachache. Wakaongezewa shilingi 40, wakacheza.

Jumapili asubuhi wakuu wanne wa serikali wakaja kumwita, akiwemo yule mjomba Knollys na Jaji Mkuu. Essex akawafungia ndani. Mpango wa awali ulikuwa kwenda moja kwa moja ikulu ya Whitehall, hatua chache tu. Yeye akageuka upande wa pili, akaingia mjini na watu wapata mia mbili au tatu, wengi na panga tu, akipaza sauti kwamba maisha yake yamo hatarini na Uingereza imeuzwa kwa Hispania. Watu wakatoka madirishani. Wakamwangalia. Wengine wakampungia. Hakuna aliyeshuka na silaha.

Tegemeo lake lilikuwa sherifu Thomas Smythe, ambaye aliambiwa ana askari wa mgambo elfu moja tayari. Essex alifika kwake jasho limemlowa hata akaomba shati la kubadili, na Smythe akatokea mlango wa nyuma kumtafuta meya. Smythe huyu, nitie neno, ndiye gavana wa kwanza wa Kampuni ya Uhindi Mashariki, iliyokuwa imepata hati yake wiki chache tu nyuma. Siku tano baada ya vurugu hizo meli za kwanza za kampuni ziling'oa nanga chini ya James Lancaster, nahodha aliyekuwa amekwishatia nanga Unguja miaka kumi hivi kabla. Wenye fedha za London walikuwa na safari yao ya kuangalia. Kumfuata mdaiwa wao barabarani hakukuwamo.

Mpiga mbiu akatangaza kwamba Essex ni msaliti, na watu wake wakaanza kupungua kila kona. Lango la Ludgate likawa limefungwa kwa mnyororo na mikuki. Risasi ikatoboa kofia yake, baba yake wa kambo mwingine, Sir Christopher Blount, akajeruhiwa usoni. Akarudi nyumbani kwa mtumbwi wa mto Thames, akakuta mateka wameachiwa, akachoma karatasi zake, na kama saa nne usiku akajisalimisha. Saa kumi na mbili hivi, mwanzo hadi mwisho.

Kesi ilisikilizwa Westminster tarehe 19 Februari mbele ya makabaila 25. Mwendesha mashtaka alikuwa Coke. Wa pili wake alikuwa Bacon, yule wa kipande cha ardhi. Essex alipodai kwamba Cecil anataka kumrithisha taji binti wa mfalme wa Hispania, pazia likasogea na Robert Cecil akatoka, akapiga goti, akamtaka ataje shahidi. Shahidi alipoletwa, akawa ni yuleyule mjomba Knollys, na hakumsaidia. Jumatano ya Majivu, 25 Februari 1601, Essex alikatwa kichwa ndani ya Mnara wa London, kwa mapigo matatu. Alikuwa na miaka 35. Kabla ya hapo aliwataja wenzake wote, hata dada yake Penelope.

Mama yake, Lettice, alizikwa akiwa na miaka 91, baada ya kuwapoteza mwanawe na mumewe Blount kwa shoka ndani ya mwezi mmoja. Mtoto wa kiume wa Essex akarudishiwa cheo, na mwaka 1642 akawa jemadari wa jeshi la Bunge dhidi ya Mfalme Charles. Earl wa Southampton, aliyehukumiwa kifo pamoja na Essex, alibadilishiwa adhabu kuwa kifungo. Malkia alipofariki 24 Machi 1603, James wa Uskoti akachukua taji, akamfungulia Southampton mlango wa Mnara, na kabla mwaka haujaisha akampa ushuru wa divai tamu.